Mona Lisa hakai kwenye pini, mpeleke kwenye beji

Swali: "Kaka shikamoo. Mimi ni mwanachuo hapa Arusha, nachora, na nimenunua mashine ya beji ya mkono kwa mtu aliyeachana na biashara. Nataka nitengeneze beji, pini za chuma na viraka vya kuweka kwenye makoti ya jinzi, vyenye michoro maarufu kama Usiku wa Nyota wa Van Gogh, Mona Lisa, lile Wimbi Kubwa la Mjapani, Frida Kahlo na Tingatinga zetu. Watu wananitisha kwamba nitashtakiwa. Afu viraka vyangu vya kujaribia vinabanduka vikifuliwa mara mbili tatu tu. Nianzie wapi, na mchoro upi?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza manne kwa pumzi moja, nami nitayajibu kwa kuchanganya hivyo hivyo, ila hilo la "mchoro upi" ndo lina hela ndani yake kwahiyo tuanze nalo, maana wengi wanaofeli kwenye hii kazi hawafeli kwa sheria wala kwa mtaji, wanafeli kwa kupeleka mchoro sahihi kwenye kitu kisicho chake.

Nikupe yangu kwanza ucheke. Pini yangu ya kwanza ya chuma ilikuwa Mona Lisa. Nilikuwa na uhakika kabisa, nani asiyemjua Mona Lisa, nikachora, nikatuma kiwandani China, nikalipa kalibu, yaani lile umbo la kutengenezea pini, nikalipa pini 100, nikasubiri mzigo wiki na wiki. Siku boksi linafika nalifungua na mke wangu yupo pembeni, akachukua moja akaiangalia akasema huyu mama kang'olewa jino lini? Na kweli, lilikuwa jimama limevimba shavu, mdomo mstari mmoja wa chuma, macho nukta mbili. Kiwanda hakikukosea chochote, kilinitengenezea kile kile nilichochora. Kosa lilikuwa langu na ndo nataka ulielewe vizuri.

Pini ya enameli, hata uipambe vipi, ni kuta za chuma zenye vidimbwi vya rangi katikati. Chukulia trei ya mayai, kila yai kwenye tundu lake na kati ya tundu na tundu kuna ukuta. Rangi inamiminwa ikiwa kama uji mwepesi, inachomwa, inakauka. Pasipo na ukuta rangi mbili zinakutana zinakuwa tope. Maana yake pini haijui kitu kinaitwa kivuli kinachofifia polepole, inajua mstari na rangi moja bapa. Sasa Leonardo da Vinci yeye sifa yake kubwa ilikuwa kuondoa mistari! Ukimwangalia Mona Lisa pembe za mdomo na pembe za macho hazina mpaka, mwanga unayeyuka kuwa kivuli kama moshi, hata Waitaliano wenyewe jina la ufundi huo wamelitoa kwenye moshi. Lile tabasamu lote linakaa humo kwenye moshi. Ukiuzungushia moshi ukuta wa chuma unapata jimama lenye jino.

Kwahiyo Mona Lisa mpeleke kwenye hiyo mashine yako ya beji. Beji ni karatasi iliyoprintiwa, juu yake nailoni angavu, chini bati, basi. Chochote printa inachoweza kutoa beji inakibeba, moshi wote na vivuli vyote. Na ni kitu cha zamani kuliko watu wanavyodhani, kampuni ya Whitehead & Hoag ya New Jersey ilipata hataza ya beji za namna hii miaka ya 1890, na uchaguzi wa Marekani wa 1896 tayari wagombea walikuwa vifuani mwa watu. Kanuni yake haijabadilika mpaka leo hapo mezani kwako.

Ila usimweke Mona Lisa mzima. Mchoro wenyewe ni sentimita 77 kwa 53, umesimama wima, beji yako ni duara, ukimweka mzima utabaki na kichwa cha njugu na mikono imekatwa. Mkate: kuanzia juu kidogo ya paji mpaka chini ya kidevu, macho yakae juu kidogo ya nusu ya duara. Kama mashine ni ya milimita 58 karatasi unayokata ni ya milimita 70, ule ukingo wa milimita 6 pande zote unakunjwa nyuma ya bati hauonekani, ndo pale wengi wanapopoteza nywele na kidevu. Na kwa kuprinti vizuri duara la milimita 70 linataka kama pikseli 830 tu kwa upana, kwahiyo picha ya kawaida ya makumbusho inatosha na kubaki, ila ile uliyotumiwa WhatsApp ikaforwadiwa mara tano achana nayo.

Sasa pini. Kabla hujatuma chochote kiwandani fanya hesabu ya kupunguza, hesabu ya darasa la tano hii. Usiku wa Nyota una upana wa sentimita 92. Pini nzuri ya kuvaa ni milimita 30 hivi. Umeupunguza mara thelathini. Mchirizi wa brashi uliokuwa sentimita moja nzima sasa ni theluthi ya milimita, na ukuta wa chuma wenyewe unataka milimita 0.2 mpaka 0.3 ili usimame, bado rangi haijapata pa kukaa. Busu la Klimt, lile la dhahabu lililopo Vienna, ni mita 1.8 kwa 1.8, umelipunguza mara sitini! Yale maua na vimraba vyake vyote vinageuka uchafu. Wimbi Kubwa la Hokusai sasa, watu wanalidhani kubwa kama ukuta sababu ya jina, lile ni karatasi tu, kama sentimita 26 kwa 38, katikati ya A4 na A3. Unalipunguza mara kumi na mbili au kumi na tatu.

Na si ukubwa peke yake. Lile ni chapa ya mbao, lilichongwa kwenye vibao na kupigwa chapa karibu 1831, Hokusai akiwa mzee wa miaka sabini na kitu. Kuchonga ubao ni mstari na rangi bapa, mstari na rangi bapa. Yaani kazi ya enameli ilishafanywa na yule mzee kabla hata pini za hivi hazijaanza, wewe unafuata tu. Rangi zenyewe chache: bluu nzito iliyotoka Ulaya, bluu nyepesi, nyeupe, kijivu cha anga, na umanjano hafifu wa mitumbwi. Rangi tano. Viwanda vingi vinakupa mpaka tano kwa bei ya kawaida, ukizidisha wanakuongezea kidogo kidogo.

Ninavyolichora mimi ni hivi. Natoa mitumbwi miwili nabakiza mmoja, wapiga kasia nawafuta wote maana kwenye milimita 30 ni vumbi la mchele. Mlima Fuji sigusi, utatoka mdogo wa milimita kama tatu, kapembe ka bluu kenye kofia nyeupe, lakini mtu akiukosa anahisi kuna kitu kimeibwa hata kama hajui nini. Afu zile kucha za povu. Hapo ndo pini inapoishi au kufa. Za kwenye mchoro ni nyingi mno, ukizitaka zote zinashikana, kwahiyo nachagua saba au nane kubwa, nazichora kila moja na ncha yake, na nyeupe ya ndani inabaki dimbwi moja lililounganika. Na sikati pini ya mraba, naikata kufuata umbo la wimbi lenyewe, mgongo wa wimbi ndo ukingo wa pini. Mtu akiivaa kwenye kola inaonekana kama wimbi linataka kummeza shingoni. Hiyo imeniuzia kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kutengeneza.

Kiwandani watakuuliza enameli laini au ngumu. Laini: kuta zinabaki zimesimama juu ya rangi, ukipitisha kidole unasikia mistari, ni rahisi, na chuma unaweza kukitia weusi. Ngumu: rangi inajazwa mpaka juu, inasuguliwa bapa kama kigae, afu ndo inachovywa dhahabu au nikeli, inavutia kama kito na inadumu, bei juu. Wimbi mimi nalipeleka laini na chuma cheusi, sababu mistari ya Hokusai ni ya giza, ukiifanya ya dhahabu umeshahamia hadithi nyingine. Dhahabu muwekee Klimt, lakini chukua vichwa viwili tu na kipande cha vazi, usimchukue mzima. Msichana Mwenye Hereni ya Lulu wa Vermeer naye anawezekana kwenye enameli ngumu ukikubali kumwacha bila sura: kilemba cha bluu, ncha ya njano inayoning'inia, na lulu. Uso acha bapa kabisa. Watu wanamjua kwa kilemba, niamini.

Ushauri wa Pwani ambao wauzaji wa Guangdong kule China hawatakupa: usikubali pini ya chuma cha kawaida, omba shaba nyeupe au aloi ya zinki. Huku kwetu Dar jasho na hewa ya chumvi, pini za chuma zilinipiga kutu nyuma ndani ya msimu mmoja wa mvua na zikaacha alama ya kahawia kwenye shati la mteja, nikalipa shati. Arusha mnaweza kupona kidogo ila wateja wako wanakuja huku likizo. Na ikizidi milimita 25 weka sindano mbili nyuma, ikiwa moja pini inazunguka, unakuta wimbi limelala kichwa chini mtu hana habari.

Haya, Usiku wa Nyota. Hukunisikia nikisema usiufanye. Nimesema usiufanye pini. Ule ni kiraka, na wala sijui kwanini watu hawalioni hili. Van Gogh alipaka rangi kama mtu anayedarizi! Angalia anga lake, kila mchirizi una mwelekeo, michirizi inafuatana inazunguka nyota kama uzi. Sasa uzi wa kudarizi una tabia moja ambayo rangi ya printa haina, unang'aa kwa kufuata upande uliolala. Uzi ule ule wa bluu ukilazwa kushoto unaonekana mwepesi, ukilazwa kulia unaonekana mzito. Fundi wa mashine akiujaza anga lote kwa mlazo mmoja, ulalo, kama wanavyojaza nembo za shule kwenye masweta, utapata kiraka cha bluu chenye matone ya njano, kimekufa. Lakini ukimwambia auzungushe uzi kufuata michirizi ya Van Gogh mwenyewe, kile kiraka kinasogea ukitembea nacho, kwa rangi sita saba tu. Kazi hiyo inafanyika kwenye kompyuta kabla ya mashine kuwaka, pale fundi anapogeuza mchoro wako kuwa faili la mishono, na ndo sehemu ya kulipia vizuri. Kaa naye. Mimi nilikaa na fundi mmoja Kariakoo, kijana anashona nembo za shule na za kampuni za ulinzi asubuhi mpaka jioni, tukabishana saa nzima kuhusu mlazo wa nyota moja, mwisho akanielewa, siku ya pili kaja na wazo lake kwamba mti wa mvinje upande juu kama moto, kwa uzi uliosimama wima, kumbe ndo dawa.

Hesabu ya kiraka nayo uijue. Uzi wa kawaida unene wake ni kama milimita 0.4. Kiraka cha sentimita 8 ni nyuzi kama 200 tu zilizolala pembeni kwa pembeni, ndo pikseli zako hizo, hazizidi. Kitu chembamba kuliko milimita moja usikiombe. Herufi chini ya milimita 5 hazisomeki, kwahiyo lile wazo la kuandika jina la mchoraji na mwaka chini litoe. Usiku wa Nyota mimi nachukua nyota tatu, ule mwezi, mzunguko mkubwa wa katikati na ncha ya mvinje, kijiji nakiacha. Matawi ya mlozi aliyoyachora 1890 kwa ajili ya mtoto wa mdogo wake aliyezaliwa, hayo nayo yanatoka vizuri mno kwenye uzi, bluu ya anga na maua meupe, mabinti wanayanunua kuliko nyota. Na yule anayepiga yowe wa Munch anakubali vyote, pini na kiraka, anga lake ni mistari mitupu na uso ni fuvu lenye matundu matatu.

Kiraka jamani. Sisi tuliosoma na kaptula yenye viraka viwili nyuma kama miwani tukichekwa, leo mtu analipa kuwekewa kiraka kwenye koti zima. Haya bana.

Tuje kwenye kushtakiwa. Kitu cha kuangalia ni mwaka aliokufa mchoraji, si mwaka wa mchoro. Tanzania kwa sheria ya hakimiliki ya 1999 ni maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kufa, Kenya kwa sheria yao ya 2001 pia ni 50, nchi za Umoja wa Ulaya ni 70, Mexico imefika 100. Unahesabu mpaka mwisho wa mwaka husika. Leonardo alikufa 1519, Vermeer 1675, Hokusai 1849, Van Gogh 1890, Klimt 1918, Munch 1944. Hao wote kwa hapa na kwa Ulaya wamekwisha muda wao, chora upendavyo. Picasso alikufa 1973, kwa hesabu ya miaka 50 amekwisha mwisho wa 2023, lakini sehemu kubwa ya Ulaya analindwa mpaka mwisho wa 2043, kwahiyo siku utakayouza mtandaoni kwa mteja wa Ufaransa umeingia kwenye hesabu ya kwao. Dali 1989, Warhol 1987, hao waache walale.

Frida ndo mtego. Alikufa 1954, kwa hesabu ya michoro hapa kwetu amekwisha zamani. Ila jina lake na sura yake vimesajiliwa kama alama ya biashara nchi mbalimbali na kuna watu kazi yao ni kuzisimamia, na wanashtaki kweli. Mteja haji kununua mchoro wa Frida, anakuja kununua nyusi na maua ya kichwani, yaani kile kile kilichosajiliwa. Mimi sigusi. Sio kwamba nitakuambia askari atakuja Arusha, sikutishi, lakini duka lako la mtandaoni linaweza kufungwa asubuhi moja bila salamu na hela yako ikiwa ndani.

Na Italia nao wana yao. Wale wana sheria ya urithi wa taifa, mchoro hata uwe na miaka mia tano kama upo kwenye makumbusho ya serikali wanataka uombe ruhusa na ulipe ukiutumia kibiashara. Makumbusho ya Uffizi mwaka 2022 walimpeleka mahakamani Jean Paul Gaultier, mbunifu wa mitindo wa Ufaransa, kwa kuweka Kuzaliwa kwa Venus wa Botticelli kwenye nguo. Botticelli huyo aliyekufa 1510! Wengine wanabisha kwamba sheria hiyo haiishi nje ya Italia, na Umoja wa Ulaya wenyewe mwaka 2019 walisema nakala ya kawaida ya mchoro uliokwisha muda haipati hakimiliki mpya, ila wewe mwanachuo usiwe mtu wa kwenda kuijaribu. Venus mwache, yapo mengi.

Yapo makumbusho ya upande wa pili yanayokubembeleza uchukue. Rijksmuseum ya Amsterdam tangu 2012 wanakuachia picha kubwa kabisa upakue na kuzitengenezea bidhaa. Metropolitan ya New York Februari 2017 waliachia zaidi ya 375,000 bila masharti, na Wimbi la Hokusai limo. Hao Metropolitan nao kuanzia 1971 mpaka 2013 tiketi yao ya kuingilia ilikuwa kipini cha bati chenye herufi M, rangi inabadilika kila siku, watu wakawa wanavikusanya na kuvivaa mpaka leo. Walivyoacha wakahamia stika watu walilalamika kweli.

Tingatinga nimeiacha huku chini makusudi maana ndo yenye utamu na ndo yenye dhambi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar 1968, juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi za kung'aa za baiskeli. Hizo rangi kwa Kizungu nazo zinaitwa enameli! Si enameli ile ile ya pini, hapana, lakini ukiangalia mnyama wake: mstari mzito wa kuzunguka, rangi bapa inayong'aa, madoa kila moja na mpaka wake, nyuma rangi moja tupu. Ni pini ile. Hakuna cha kupunguza wala kubuni, chui wake unamweka kwenye milimita 35 akiwa na madoa yake na anakukodolea macho vile vile. Kwa enameli ngumu, hapo ndo inapostahili.

Yeye alikufa 1972, polisi walimpiga risasi usiku kwa makosa wakidhani ni mtu mwingine. Hesabu ya miaka 50 inaishia mwisho wa 2022, kwahiyo michoro yake yeye mwenyewe kwa hapa nyumbani iko huru. Lakini wewe ulipoandika "Tingatinga zetu" nina uhakika humaanishi za kwake, maana alichora miaka minne tu na nyingi zipo kwa wakusanyaji. Unamaanisha zile za pale Oysterbay na Slipway na Unguja kwenye vichochoro, za wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi, na wale wengi wapo hai wanakula kwa hiyo kazi. Mtindo hauna mwenyewe kisheria, mchoro una mwenyewe. Ukichora chui wako mwenyewe kwa mtindo ule hujaiba. Ukipiga picha ya mchoro wa mzee pale ukampeleka China umeiba, na hakuna cha kusema "nilikuwa namtangaza". Lilanga naye, yule wa mashetani wenye masikio makubwa, alikufa 2005, analindwa mpaka mwisho wa 2055.

Mimi nilichofanya nilienda pale kwenye chama chao cha ushirika, nikakaa na mchoraji mmoja, nikanunua mchoro kwanza ili asinione mbabaishaji, afu tukaandikiana karatasi: anapata kitu fulani kwa kila pini inayouzwa, na jina lake linachapwa nyuma ya pini. Karatasi yenyewe ukurasa mmoja, Kiswahili, mashahidi wawili. Kingine ni kwamba yeye ndo aliyenichorea upya kwa ajili ya pini, nikampa duara la sentimita 30 nikamwambia madoa yasizidi ishirini, akacheka akasema hata Tingatinga mwenyewe hakuwahi kupewa masharti ya madoa. Na wewe dizaini zako zikishakuwa nyingi zisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Hakimiliki inakuwepo hata bila kusajili, ila siku ukigombana na mtu karatasi inaongea.

Wa mwisho kwenye hili ni Keith Haring, mchoraji wa Marekani, nimtaje sababu naona wengi mnamprinti. Yeye mwenyewe miaka ya 80 alikuwa anagawa beji zake bure kwenye treni za chini ya ardhi New York, afu 1986 akafungua duka la kuuza pini, fulana na stika kwa bei ndogo, wenzake wa sanaa kubwa wakamcheka kwamba amekuwa mmachinga. Kwahiyo ukiambiwa beji si sanaa una jibu. Ila alikufa 1990, bado analindwa. Mheshimu kwa kumwacha.

Sasa kubanduka kwa viraka vyako. Sijaviona lakini nina uhakika na mambo mawili. Kwanza unapiga pasi kama unanyoosha shati, unaenda mbele unarudi. Ile gundi ya nyuma inataka moto wa kama nyuzi 150 na uzito, ukiwa umetulia. Zima mvuke, weka kitambaa chembamba cha pamba juu, kandamiza sehemu moja sekunde 15 mpaka 20, inua, hamia sehemu ya pili, ukimaliza geuza nguo upige na ndani, afu usiiguse mpaka ipoe kabisa. Watu wanavuta kuangalia kama imeshika ikiwa ya moto, hapo umeshaiharibu. Pili, hata ukifanya yote hayo gundi ni ya kushikilia tu wakati unashona. Pitisha cherehani pembeni kuzunguka, ndani kidogo ya ule ukingo wa ovaloki, uzi wa rangi ya ukingo. Mteja wa jinzi anafua kwa brashi na maji ya moto, hakuna gundi inayovumilia hilo. Na yale makoti ya mtumba yenye nailoni usiyapigie pasi kabisa, yanayeyuka mbele ya macho yako, hayo ni kushona tu kwa mkono. Pini ndo kabisa, mwambie mteja azitoe kabla ya kufua, na kwenye fulana nyepesi aweke kipande cha kitambaa kigumu kwa ndani, la sivyo tundu linakuwa dirisha.

Pa kuanzia, kwa mfuko wa mwanachuo: beji wiki hii hii, Mona Lisa, Msichana wa Lulu na yule wa Munch, kumi kumi, uone mkono wa watu. Zikitoka nenda kwa fundi wa nembo za shule hapo mjini, viraka ishirini vya matawi ya mlozi, faili ukishalilipia ni lako, mwambie akupe kwenye flashi, wengine wanalificha ili urudi kwao tu. Pini ziwe za mwisho, sababu kalibu unalilipa zima hata ukiagiza kidogo. Tuseme kalibu dola 60, mfano tu: kwenye pini 50 kila moja imebeba dola 1.2 kabla hata ya chuma, kwenye 200 imebeba senti 30. Ukiwa na mwenzio mnaoaminiana agizeni pamoja mgawane mzigo. Na daima omba picha ya sampo iliyopigwa ikiwa mkononi mwa mtu, si ile ya kompyuta, ningeomba hiyo mimi yule mama wa jino asingefika Dar.

Hiyo mashine uliyonunua kwa mtu, kabla hujaagiza mabati na nailoni pima kalibu lake kwa rula. Wanaouza za mkono wa pili wanasema 58 halafu unakuta ni 56, na mabati ya 58 hayaingii hata ukilia.